Siku moja ya historia Mwanza: anzia Bujora, mjini baadaye

Wengi wanaotaka kuijua Mwanza kwa siku moja huanzia Jiwe la Bismarck lililo ziwani, wakapiga picha, na mpaka waje wakumbuke Bujora, yaliko Makumbusho ya Wasukuma, jua limeshapinda. Mimi nakushauri uanzie mbali. Panda daladala ya Kisesa asubuhi na mapema, barabara ya Musoma, kisha chukua bodaboda mpaka Bujora. Beba noti ndogondogo.

Makumbusho ya Wasukuma ndiyo yapewe muda mwingi kuliko pengine pote. Yalianzishwa na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Usizunguke peke yako. Omba mwongozaji na umwache aeleze bila kumharakisha. Jengo la watemi lina umbo la kiti cha enzi, na ngoma zilizomo uziangalie kwa karibu, ngozi ilivyovutwa na mti ulivyochongwa. Kisha muulize habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu enzi za mababu. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi, ndiyo maana wachezaji hubuni kila kivutio, hata kucheza na nyoka. Mashindano hayo ya ngoma, yaitwayo Bulabo, hufanyika Juni, kwa hiyo kama mwezi unauchagua mwenyewe, njoo huo. Miezi mingine, kikundi kinachotaka kuchezewa ngoma kipange na wenyeji mapema.

Wakati wa kurudi, shukeni Igoma kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, Mei 21, 1996. Meli ilipinduka ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza. Kama mna watoto, waelezeni kabla hamjafika, na simu zikae mfukoni. Pale wamelala ndugu za watu, na wapo ambao bado wanakwenda kuwaombea.

Mjini kuleni sato na ugali, mpumzike. Mtaa wa Makoroboi ni wa kupita tu. Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, lisubiri saa kumi na moja jioni, joto likishapungua.

Kisiwa cha Saanane usikibane humo. Ni hifadhi ya taifa, ina kiingilio na boti yake, na ukiichomeka baada ya Bujora utazunguka ukiangalia saa. Ukilala Mwanza, ipe asubuhi ya kesho yake.