Maswali ya Wasomaji: Injini ya Cessna na Injini ya Gari

Majibu ya toleo hili yanahusu injini za petroli za ndege ndogo. Mfano wetu mkuu ni Lycoming O-320, iliyofungwa kwenye Cessna 172 nyingi zinazofundishia marubani.

SWALI: Mimi ni fundi wa magari, Mwanza. Nimesoma kwamba injini ya Cessna 172 ina lita zaidi ya 5, silinda 4, na inatoa nguvu farasi 160 tu. Gari la lita 2 hufika farasi 150. Tena ina kabureta na haina kompyuta. Hawa watengenezaji wamelala?

JIBU: Hawajalala, ndugu fundi. Anza na propela. Imefungwa moja kwa moja kwenye krenki, bila giaboksi, na kipenyo chake ni kama mita 1.9. Injini ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha za propela hukimbia karibu mita 270 kwa sekunde. Sauti hukimbia mita 340 hivi. Ukiipeleka kwenye mizunguko 5,500 kama ya gari, ncha zitavuka kasi ya sauti: kelele itakuwa kubwa mno na nguvu itapotea bure. Kwa hiyo farasi wale lazima wapatikane kwa mizunguko michache, na hapo ndipo pistoni ya milimita 130 inapohitajika.

Halafu angalia kazi yenyewe. Gari kwenye lami tambarare, kilomita 100 kwa saa, linatumia farasi 20 hadi 25. Hao 150 unawaita kwa sekunde chache tu unapoovateki. Ndege inapaa kwa nguvu zote, kisha inakaa kwenye asilimia 65 hadi 75 kwa saa tatu mfululizo, ikinywa lita 30 hadi 35 kila saa. Ni kama kupandisha mlima wa Kitonga na mzigo tangu asubuhi hadi mchana. Kwa kazi hiyo Lycoming wanapendekeza ovahoo, yaani injini kufunguliwa yote na kutengenezwa upya, baada ya saa 2,000 au miaka 12, kipi kitangulie.

Injini hii haina maji, wala rediata, wala paipu ya kupasuka. Hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi ya silinda, na hewa hiyo huongozwa na mabati na mipira ya kuziba iliyo chini ya boneti. Mpira mmoja ukikunjika, hewa hupita njia ya mkato na silinda ya karibu huchemka peke yake. Joto la kichwa cha silinda mwisho wake ni nyuzi 260 za Selsiasi, lakini ukitaka silinda zidumu, usizizoeshe kupita 200. Oili ni lita 7.6, na hubadilishwa pamoja na filta kila saa 50. Filta kuukuu haitupwi hivi hivi: inakatwa, karatasi yake inakunjuliwa na kutafutwa chembe za chuma.

Kipimo cha kompresheni nacho ni tofauti na unachokijua. Silinda hupewa hewa yenye shinikizo la psi 80 pistoni ikiwa juu kabisa, na propela ikishikiliwa kwa nguvu na mtu wa pili, maana hewa hiyo inaweza kuizungusha ikaumiza. Kisha husomwa kiasi kilichobaki. Ikishuka chini ya 60, sikiliza. Hewa ikilia kwenye ekzosi, vali ya kutolea moshi haifungi. Ikilia kwenye kabureta, ni vali ya kuingizia. Ikilia kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimekwisha.

SWALI: Najifunza urubani uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Kabla ya kuruka tunajaribu magneto, vile vifaa vya kuwashia plagi, moja moja. Kwa nini zipo mbili, na mizunguko isiposhuka kabisa si ndiyo injini nzima?

JIBU: Hapana, hiyo ni hatari. Kila silinda ina plagi mbili, na kila magneto huwasha plagi moja ya kila silinda. Magneto hujitengenezea umeme wake kwa kuzungushwa na injini. Betri ife, alteneta ife, injini itaendelea kuunguruma. Gari la leo likikosa umeme linazimika papo hapo.

Kwenye 172N, toleo mojawapo la Cessna 172, kipimo hufanywa kwa mizunguko 1,700. Ukibaki na magneto moja, moto huanzia upande mmoja tu wa silinda, mafuta huungua polepole zaidi, na mizunguko lazima ipungue kidogo. Isipungue zaidi ya 125 kwa magneto yoyote, na tofauti kati ya mbili isizidi 50. Isiposhuka hata kidogo, huenda waya wa kuzimia magneto umekatika. Maana yake, hata ufunguo ukiutoa, magneto iko hai, na mtu akiigusa propela kwa mkono injini inaweza kushtuka ikamkata. Mwambie fundi kabla hujaondoka kwenye ndege.

Ikishuka sana huku injini inamisi, mara nyingi plagi ya chini imejaa madini ya risasi kutoka kwenye mafuta. Rudisha swichi kwenye zote mbili, weka mizunguko 1,800 hadi 2,000, vuta nobu nyekundu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta taratibu ili mafuta yapungue, subiri kama dakika moja, pima tena. Ikikataa, usiruke.

Wilson iko kama futi 5,500 juu ya bahari, na tatizo hili hulelewa na urefu huo. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mchanganyiko uliosukumwa mpaka mwisho una mafuta ya kupita kiasi. Gari hujirekebisha kwa kihisio cha oksijeni. Hapa kompyuta ni wewe. Kitabu cha ndege hiyo kinasema uwanja ukipita futi 3,000, toa nguvu zote ndege ikiwa imesimama, kisha punguza mafuta mpaka upate mizunguko ya juu kabisa. Hata hivyo, kila futi 1,000 hukupunguzia kama asilimia 3 ya nguvu. Farasi 160 wa pwani hapo ni kama 134.

SWALI: Barafu kwenye kabureta hapa Tanga, na joto lote hili?

JIBU: Inawezekana kabisa. Petroli ikigeuka mvuke na hewa ikibanwa kwenye koo la kabureta, joto hushuka hata nyuzi 20 au zaidi, na unyevu wa pwani huganda kwenye kilango cha kupitishia hewa. Hatari zaidi ni wakati wa kushuka, nguvu ikiwa imepunguzwa na kilango karibu kimefungwa. Dalili ya kwanza ni mizunguko kupungua kidogo kidogo bila wewe kugusa kitu.

Vuta nobu ya joto la kabureta mpaka mwisho, si nusu. Mizunguko itashuka zaidi, kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Kisha barafu ikiyeyuka maji yatapita kwenye silinda na injini itatikisika vibaya. Hapo ndipo wengi huogopa na kuirudisha nobu. Usiirudishe. Vumilia mpaka mizunguko ipande ikatulia.

SWALI: Je, injini ya gari inaweza kuruka?

JIBU: Inaruka, ikishabadilishwa sana. Centurion 1.7 ya kampuni ya Thielert ilitokana na dizeli ya Mercedes-Benz A-Class, na inatumia mafuta ya jeti. Inahitaji giaboksi ya kupunguza mizunguko, na ubongo wake ni wa umeme. Mwezi Machi 2007, huko Speyer, Ujerumani, Diamond DA42 yenye injini mbili za aina hiyo iliruka betri zikiwa dhaifu, baada ya kuwashwa kwa umeme wa nje. Magurudumu yalipokunjwa umeme ulishuka ghafla, kompyuta zikajizima na kuanza upya, na injini zote mbili zikasimama.

Usichanganye mafuta hayo na ya O-320. Petroli ya ndege, 100LL, ni ya buluu. Mafuta ya jeti yana rangi ya maji au majani makavu na yananuka kama mafuta ya taa. Yakiingia kwenye O-320, injini inaweza kuwaka kwa petroli iliyobaki kwenye mipira ya kupitishia mafuta, ikapaa, kisha ikagonga na kuharibika angani. Kabla ya safari chota sampuli kwenye kila tangi, itazame kwenye mwanga, inuse. Maji utayaona yametuama chini.