Baiskeli kati ya ndovu wa Tuli

Ndugu, umesema umezoea kuendesha baiskeli peke yako katika hifadhi ya Hell's Gate, Kenya, na sasa unauliza kama Tuli, mashariki mwa Botswana, utahitaji muongozaji. Utamhitaji, tena mwenye bunduki na anayeijua ardhi ile. Tuli, pale mto Shashe unapoingia mto Limpopo, kuna simba, chui na makundi makubwa ya ndovu.

Mtaendesha kwenye njia walizozikanyaga ndovu wenyewe, nyembamba na ngumu, raha tupu. Lakini hapo ndipo hatari ilipo: baiskeli haina kelele, unakata kona kumbe mama ndovu yuko na mtoto wake. Fuateni mstari mmoja, muongozaji mbele. Akiinua mkono, simama hapo hapo, ushuke. Ukikutana na simba usigeuze baiskeli ukakimbia, maana kikimbiacho hufukuzwa. Simameni pamoja, mrudi nyuma polepole mkimtazama.

Usitarajie kuwakaribia wanyama kama ukiwa garini. Gari wamelizoea, ila umbo la mtu huwashtua. Twiga na pundamilia utawaona wakikutazama kwa mbali, na nyayo utazisoma vizuri kuliko aliye garini. Mimi naona hilo linatosha kabisa.

Nenda kati ya Mei na Septemba, majani yakiwa yamepukutika. Alfajiri ni baridi kweli, beba glavu. Na tairi ziwe zile zisizo na tyubu, zenye gundi ya maji ndani, kwa sababu miiba ya huko haihesabiki.

Maji lita tatu, usipunguze.