Kosa la Kibabu ni Bei Yake

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, ladha mbaya ipo kweli, au ni jina tu ambalo wenye nacho wamewabandika wasio nacho? Mkaweka na picha ya bustani ya Uingereza iliyojaa vile visanamu vya vibabu vya ndevu nyeupe na kofia nyekundu yenye ncha, wenyewe huviita garden gnomes, kimoja kimeshika fimbo ya kuvulia samaki, ili tucheke kidogo kabla ya kujibu. Mimi naishi Northampton, huku huku Uingereza, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, kwa hiyo vibabu hivyo ni majirani zangu, navipita kila asubuhi nikielekea kubonyeza kengele. Jibu langu ni kwamba kitu cha kuudhi macho kipo, sikatai. Ila Waingereza hawakicheki kwa sababu kinaudhi macho. Wanacheka bei yake, na wanamcheka aliyekinunua.

Ushahidi wa kwanza ni ukoo wa kibabu chenyewe. Wengi hudhani kimezaliwa kwenye nyumba za halmashauri, zile wanazopangishwa watu wa kipato kidogo. Wapi! Kiliingia Uingereza kwa mlango wa mbele wa bwana mkubwa, na nyumba yenyewe haiko mbali na hapa nilipo: Lamport Hall. Katikati ya karne ya 19 mwenye nyumba hiyo, Sir Charles Isham, baronet (cheo cha ubwana cha kurithi) wa kumi katika ukoo wake, alijenga kilima cha mawe bustanini, akapanda mimea midogo midogo ya milimani, kisha akaagiza kutoka Ujerumani vijitu vya udongo wa kuchoma. Akavipanga kwenye mianya ya mawe kama wachimba madini, vingine akavipanga kama wachimbaji waliogoma kazi. Na hakuwa anatania. Alikuwa mtu wa mambo ya roho na mizimu, na aliamini viumbe wa namna hiyo wapo kweli huko chini migodini.

Sir Charles alifariki 1903. Binti zake, ambao hawakuwa na mapenzi na vijitu vya baba, wakaviondoa. Kilisalia kimoja tu, kilichogunduliwa miaka mingi baadaye kikiwa kimejibana kwenye ufa wa mawe. Kikapewa jina la Lampy, na imeripotiwa kwamba kimewekewa bima ya pauni milioni 1. Nilikwenda kukitazama. Ni kijitu ambacho ungekitia kwenye kikapu cha sokoni na nafasi ya vitunguu ikabaki. Rangi imepauka. Wageni waliokuwa pale walikizunguka kwa adabu, sauti chini chini, na wengi wao, naapa, ndio wale wale ambao wakimwona mwenziwe kile cha dukani mtaani huinua nyusi.

Kati ya Lampy na kile cha dukani kimepita nini? Viwanda, basi. Mji mdogo wa Gräfenroda huko Thuringia, Ujerumani, ulianza kuvifinyanga kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye vikaja vya saruji, mwishowe vya plastiki. Kibabu kikawa kitu ambacho dereva wa basi anaweza kumnunulia mkewe Jumamosi. Siku hiyo hiyo kikawa aibu.

Royal Horticultural Society, chama kikubwa cha wakulima wa bustani, kwenye Maonyesho ya Maua ya Chelsea kilikuwa na kanuni iliyokataza viumbe vya kubuni vya rangi kali, na kila mtu alijua anayelengwa ni nani. Mwaka 2013, maonyesho yalipotimiza miaka 100, wakalegeza kamba kwa mwaka huo mmoja. Watu mashuhuri, Elton John akiwamo, wakavipaka vibabu rangi, vikapigwa mnada kusaidia bustani za shule. Tazama ujanja huo. Kibabu kiliruhusiwa kuingia kikiwa na jina la mwimbaji tajiri mgongoni na sababu ya hisani mkononi. Kile cha dereva wa basi kilibaki getini.

Lakini kisa kinachonikaa moyoni zaidi si cha kibabu, ni cha mtu. John Major alikuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1990 hadi 1997. Baba yake, Tom Major-Ball, alikuwa msanii wa majukwaa, mtu wa sarakasi na maonyesho ya mbwembwe, na alipoacha jukwaa akafungua biashara ya kutengeneza mapambo ya bustani, vibabu vikiwamo. Biashara ikayumba, na mwaka 1955 familia ikaiacha nyumba yao ya Worcester Park na kuhamia vyumba viwili Brixton. John akaacha shule akiwa na miaka 16. Naye aliwahi kuifanya kazi hiyo ya mapambo pamoja na kaka yake Terry, kazi ya kukoroga saruji na kuimimina kwenye kalibu. Mtu huyo akapanda ngazi mpaka Downing Street, akatangaza kwamba anataka nchi isiyo na matabaka. Magazeti yakamjibu kwa vibabu. Kila alipokosea sera, mchora katuni mmoja au mwingine alikumbuka saruji ya baba yake.

Fikiri kidogo. Sera zake zilikuwa na mengi ya kupingwa, na mimi nisingempigia kura. Ila baba kumimina saruji kwenye kalibu ili wanawe wale, hilo ni kosa gani? Bi Thatcher aliyemtangulia alikuwa binti wa muuza duka la vyakula, na hilo nalo hawakumsahaulisha. Katika chama chao hicho hicho, cha Conservative, kuna kejeli mashuhuri dhidi ya Michael Heseltine, aliyekuwa waziri, kwamba shida yake ni kuwa fanicha zake ilibidi azinunue mwenyewe. Maana yake, mtu wa maana hurithi meza, hanunui. Aliyeiandika kejeli hiyo kwenye shajara zake ni mwanasiasa mwenzake, Alan Clark, na Clark mwenyewe aliishi kwenye ngome ambayo baba yake aliinunua kwa mali iliyotokana na kiwanda cha nyuzi za kushonea. Yaani kutoka kwenye kijiti cha uzi hadi kwenye ngome ni vizazi vichache tu, kisha mlango unafungwa nyuma yako.

Sasa niende kwenye jambo ambalo, kama Mwafrika, siwezi kuliruka. Hao waliojiita wenye ladha nzuri, bustani zao walizipamba kwa nini? Karne ya 18 karakana ya John Cheere pale Hyde Park Corner, London, iliuza sanamu za madini ya risasi kwa mabwana wa mashamba: wachungaji, wavunaji, miungu ya Kirumi, nyingi zimepakwa rangi. Rangi kali, naam, kama za kibabu. Na kabla ya hapo John Nost alimtengenezea Mfalme William III wa Uingereza sanamu ya Mwafrika kwa ajili ya bustani ya Hampton Court. Mtindo ukashika. Nyumba baada ya nyumba ikataka Mwafrika wake wa risasi, amepiga magoti, kiunoni kafungwa kijisketi tu, na juu ya kichwa amebebeshwa saa ya jua ili bwana ajue muda wa chai. Mmoja alikaa miaka mingi kwenye bustani ya wanasheria ya Inner Temple, London. Mwingine alikaa mbele ya nyumba ya Dunham Massey, karibu na Altrincham, tangu karne ya 18 hadi Juni 2020, National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, ilipomwondoa baada ya maandamano ya kupinga mauaji ya George Floyd.

Nihesabieni wenyewe. Kwa karibu miaka 300 mtu mweusi aliyepigishwa magoti alikuwa pambo la heshima, watu wakinywa chai mbele yake bila kusongwa. Kizee cha plastiki kinachovua samaki kwenye beseni ndicho kilichoitwa uchafu wa macho. Mkiniuliza ladha mbaya ni ipi, naomba niruhusiwe kuonyesha kwa kidole.

Tena hawakuishia kwenye sanamu. Kulikuwa na mtindo wa kuweka walii wa kukodi! Bwana akishachimba pango la kupendeza bustanini, alitafuta mtu wa kukaa humo aonekane amezama katika tafakuri wageni wanapopita. Charles Hamilton wa Painshill, Surrey, inasimuliwa alitoa masharti haya: akae miaka 7, asikate nywele, ndevu wala kucha, asitoke nje ya shamba, na mwisho wa muda alipwe gini 700, fedha ya kumtajirisha mtu. Aliyepatikana alidumu wiki tatu, kisha akakutwa kilabuni anakunywa pombe. Mimi nampongeza. Lakini angalieni: kibabu hai, chenye ndevu za kweli, kwa mshahara wa kweli, kiliitwa ustaarabu.

Msidhani vita hivi ni vya matajiri na maskini peke yao. Matajiri nao hutafunana. Sir Frank Crisp, mwanasheria wa London, alijijengea huko Friar Park, Henley, kilima cha mawe mfano wa mlima Matterhorn wa Uswisi, na bustani yake ilikuwa na vibabu pia. Mwaka 1914 Reginald Farrer, mtaalamu wa mimea ya milimani, kijana wa familia yenye shamba lake Yorkshire, aliwakejeli matajiri wa bustani za namna hiyo katika dibaji ya kitabu cha rafiki yake. Crisp akajiona katika maneno yale, akaandika majibu makali, na majibu hayo bibi mmoja mpenda bustani, Ellen Willmott, akayagawa kwa watu kwenye maonyesho ya Chelsea. Watu wazima, kwa ajili ya mawe. Miongo mingi baadaye Friar Park ilinunuliwa na George Harrison wa Beatles, naye akapiga picha na vibabu vya pale kwa ajili ya jalada la santuri yake, na hakuna aliyemwita mshamba.

Hapo ndipo penye siri yenyewe, nami nimeiona kazini. Nina bibi ninayemhudumia, mjane wa fundi wa kiwanda cha viatu. Vibabu vyake vimepangwa kando ya njia tangu getini. Majira ya kuchipua yakikaribia huvitoa nje kimoja kimoja, anaviosha kwa mswaki wa zamani na sabuni ya vyombo, na kile kilichomenyeka pua hukigeuza kitazame ukuta. Alipotaka kuuza nyumba ahamie pahali padogo, mkwewe alikuja na masanduku, akavificha vyote gereji kabla mpiga picha wa dalali hajafika. Eti vitashusha bei. Bibi alikaa kimya dirishani. Nina na mzee mwingine, mwalimu mstaafu, vitabu hadi bafuni, naye ana kibabu kimoja chooni kwake, kimevalishwa miwani ya jua. Wageni wake hukicheka na kumsifu kwa ucheshi.

Kibabu ni kile kile. Mwalimu kakiweka ili mjue kwamba anajua. Bibi kakiweka kwa sababu anakipenda. Huku kwao ukipenda kitu cha bei rahisi kwa dhati utachekwa, ukikidhihaki unasifiwa. Ndiyo maana naona mjadala wa ladha ni wa uongo nusu: wanaokicheka kibabu hawakitazami kibabu, wanamtazama mwenye nacho wajue kama anawakonyeza.

Nasi tusijifanye watakatifu. Vile vitambaa vya kufuma vya mama zetu, vilivyotandikwa migongoni mwa makochi na juu ya redio, leo kijana wa Dar au Nairobi aliyepata mshahara wa kwanza huviondoa kabla marafiki hawajaja, kisha mwaka unaofuata anavikuta kwenye mgahawa wa bei mbaya, anavipiga picha. Nawaachia wasomaji wengine walijibu hilo.

Mkitaka kujua kama ladha ya umma huweza kubadilika, someni kisa cha sanamu ya samaki papa wa Headington, Oxford. Agosti 1986, Bill Heine, mtangazaji wa redio, aliweka juu ya paa la nyumba yake papa mkubwa wa urefu wa futi 25, kazi ya mchongaji John Buckley, kichwa kimezama ndani ya vigae na mkia umeelekea mawinguni. Ilikuwa kumbukumbu ya bomu la Nagasaki. Halmashauri ya jiji ikataka aondolewe, kwanza kwa kisingizio cha usalama, kisha kwa kukosa kibali. Hata ikajitolea kumhifadhi kwenye bwawa la kuogelea la umma. Kesi ilifika serikali kuu, na mwaka 1992 papa akashinda. Mkaguzi aliandika kwamba hakuna anayebisha kuwa papa hapatani na mazingira yake, ila hakukusudiwa kupatana nayo. Sentensi hiyo ningeipigilia msumari kwenye geti la Chelsea.

Heine alifariki 2019. Mwaka 2022 halmashauri ile ile ikamwingiza papa kwenye orodha ya urithi wa mji. Aliyepinga safari hii alikuwa mwanawe Heine: baba yake alimweka papa pale bila ruhusa ya mtu, akasema, na sasa wale wale waliomkataa ndio wanaompa ruhusa.

Msomaji wenu,
Northampton