Mshahara wa kutaja kwenye usaili

Mwanangu Neema,

Nimesoma ujumbe wako kwamba ile kampuni kubwa ya ubunifu majengo ya Dar imekuita kwenye usaili, na unauliza utaje mshahara kiasi gani bila kujipunja. Naanza na hesabu, maana hapo ndipo vijana wengi wanapoumia: wanataja kiasi wanachotaka kukishika mkononi, mwajiri anakiandika kama mshahara kabla ya makato.

Chukua 1,500,000. NSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 10 ni 150,000. Zinabaki 1,350,000, na hizo ndizo zinazokatwa kodi ya mshahara (PAYE): 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya ile 350,000 iliyozidi, yaani 105,000. Kodi yote 233,000. Kisha, kurejesha mkopo wako wa chuo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 225,000. Unabaki na 892,000. Kuanzia hapo, kila laki wanayokuongezea inakufikia 48,000 tu. Kwa hiyo piga kwanza hesabu ya kodi ya chumba, nauli na chakula cha huko Dar, ndipo upande kutoka hapo hadi mshahara wa kabla ya makato. Wakikuuliza, taja kiasi chako, sema "kabla ya makato", halafu nyamaza. Ukiongeza "hata pungufu sawa tu", umeshajishusha mwenyewe.

Uliza pia saa za kazi. Ofisi za michoro hukesha wiki ya kukabidhi kazi, na sheria ya ajira ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki. Za ziada hulipwa mara moja na nusu. Uliza kwa upole, lakini jibu liwe kwenye mkataba kabla hujasaini.

Sasa michoro yako. Peleka kazi tatu au nne, usibebe kila ulichochora chuoni. Chapisha kwa A3, maana kompyuta yao ikigoma utabaki mikono mitupu. Kazi ya kikundi, onyesha wazi mstari uliochora wewe na uliochora mwenzako. Watakuuliza, na ukibabaika hapo hata kazi yako halisi wataitilia shaka.

Lile jengo lako la hapa Dodoma liwe la kwanza. Eleza kwa nini kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, jua la jioni likapata ukuta mfupi tu. Eleza msingi ulivyoupanga kwenye udongo unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Picha za rangi kila mwombaji anazo, ila sababu hizi wachache wanazo.

Wakikupa jaribio la kuchora, angalia ngazi kabla ya chochote. Kutoka sakafu hadi sakafu milimita 3,000, kila hatua ikipanda 150, ni mipando 20, na vikanyagio 19 vya milimita 300: mita 5.7 kwa mkondo mmoja. Wengi huziminya kwenye mita nne, zinapendeza kwenye karatasi lakini mtu hapandi. Msaili huziona mapema mno.

Tiketi ya treni ya SGR kata ya siku moja kabla, ulale kwa shangazi yako. Nitumie michoro Jumapili niipitie.

Mama yako