Faharasa ya maktaba: kwa wanaoanza C hapa Lamu

Linka (programu inayounganisha mafaili ya .o, yaani msimbo uliokwisha kukompailiwa, kuwa programu moja) ikikutupia `undefined reference to 'nauli_mokowe'`, yaani haioni fanksheni hiyo ilipo, na fanksheni hiyo umeiandika mwenyewe, usianze kufuta msimbo. Itazame kwanza maktaba, yaani faili la .a linalokusanya mafaili ya .o.

Tuseme programu yako inapiga hesabu ya nauli ya boti kwenda Mokowe. Una nauli.c na maji.c:

`gcc -c nauli.c maji.c`
`ar rcs libbahari.a nauli.o maji.o`
`nm -s libbahari.a`

Amri ya mwisho inaonyesha faharasa, yaani orodha ya majina ya fanksheni na faili la .o lenye kila jina, na humo utakuta `nauli_mokowe in nauli.o`. Kwenye Linux faharasa hukaa mwanzoni kabisa mwa maktaba, kama faili lenye jina `/`. Ndani yake mna idadi ya majina, kisha baiti 4 kwa kila jina zinazotaja mahali faili lake lilipo, halafu majina yenyewe. Linka hutembea na orodha ya majina inayoyakosa. Ikiliona moja kwenye faharasa, huruka moja kwa moja hadi nauli.o na kulibeba zima. Zima, si fanksheni moja tu! Ndiyo maana ukirundika kila kitu katika faili moja, programu hunenepa bure. Maji.o lisipohitajika, linaachwa.

Zamani, kabla ya faharasa, watu walipanga mafaili ndani ya maktaba kwa amri za `lorder` na `tsort`, kila faili likitangulia lile linalolitegemea. Shukuruni.

Ukiambiwa `archive has no index`, piga `ranlib libbahari.a`, amri inayoiongeza faharasa. Kwa kawaida `ar` ya GNU hutengeneza faharasa yenyewe, ila herufi S kubwa badala ya s ndogo katika `rcs` huizuia, na kidole huteleza.

Kosa jingine la kawaida ni mpangilio wa majina kwenye amri:

`gcc -L. -lbahari main.o -o safari`

Hapa `-lbahari` ndiyo libbahari.a, na linka imeifikia maktaba hiyo kabla haijakosa chochote, ikapita. Ni sawa na kupita soko la kando ya Ngome kabla hujaambiwa nyumbani hakuna nazi. Tanguliza main.o, `-lbahari` ifuate. Maktaba mbili zikitegemeana, zizungushie `-Wl,--start-group` na `-Wl,--end-group`.

Na kama `nm libbahari.a` inaonyesha t ndogo kando ya jina badala ya T, fanksheni hiyo uliiandikia `static`, yaani inaonekana ndani ya faili lake tu. Haiingii kwenye faharasa, hata upige `ranlib` mpaka magharibi.