Binti yangu anamweleza nini mwanasaikolojia?

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Binti yangu ana umri wa miaka 16, na tangu afiwe na baba yake amekuwa akienda kwa mwanasaikolojia kila Alhamisi. Mimi ndiye niliyemtafutia na mimi ndiye ninayelipa. Juzi nilipouliza wanazungumza nini, nilijibiwa kwa upole kwamba siwezi kusimuliwa. Je, ni haki mzazi kufichwa mambo ya mwanawe? (Mama, Mombasa)

JIBU: Mama, pole sana kwa msiba. Uchungu wako naufahamu, kwani aliyemzaa mtoto hapendi kusikia kwamba mtu wa nje anajua la mwanawe asilolijua yeye. Hata hivyo, kwa ulivyoeleza, mwanasaikolojia huyo hakukukosea.

Siri inayosemwa katika chumba cha ushauri ni mali ya anayehudumiwa. Mwanasaikolojia ameiweka amana tu, na anayelipa ada hainunui. Kanuni za maadili za Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1953 na kurekebishwa mara kadhaa, zinamtaka mtaalamu aeleze tangu mwanzo siri italindwa kwa kiasi gani na kwa mambo gani haitalindwa. Kwa mtoto ambaye kisheria hajafikia umri wa kujiamulia, zinamtaka apate idhini ya mzazi au mlezi, lakini pia amweleze mtoto mwenyewe kwa lugha anayoielewa, atafute ukubali wake, na azingatie matakwa na maslahi yake. Binti aliyefiwa, akijua kwamba kila neno litafika nyumbani kabla yeye hajafika, atanyamaza, na pengine anachokificha ni kwamba anaogopa kukuongezea huzuni.

Siri hiyo, hata hivyo, ina mpaka. Mwaka 1969, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alimwambia mwanasaikolojia wa chuo kwamba alikusudia kumuua msichana fulani. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, nao wakamshika kijana kwa muda mfupi kisha wakamwachilia. Msichana na wazazi wake hawakuambiwa lolote, na mwezi Oktoba aliuawa. Wazazi walishtaki, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya jimbo la California, katika kesi ya Tarasoff (jina la ukoo wa msichana huyo), iliamua kwamba mtaalamu anayejua au anayepaswa kujua kuwa mteja wake ni hatari kubwa kwa mtu mwingine ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa ili mtu huyo alindwe. Hukumu hiyo ni ya California, lakini nadhani kila mzazi angetamani mpaka wa namna hiyo uwepo pia mtoto anapotaka kujidhuru au anapodhulumiwa na mtu mzima.

Kwa hiyo, mama, usimhoji binti njiani mnaporudi. Omba mkutane watatu, yeye akiwepo, na umwulize mtaalamu ni mambo gani yakitokea atakuarifu mara moja, na ni kwa njia gani atakupa habari za maendeleo yake bila kufichua aliyoyasema. Muulize pia kama amesajiliwa, kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014. Akisita kukujibu maswali hayo, hapo utakuwa na sababu ya kutafuta mwingine.