Maswali na Majibu: Programu ya Bekapu Inapogoma Kusakinika

Swali: Nimefuata mwongozo wa programu huria ya kuhifadhi nakala rudufu hatua kwa hatua, lakini inadai Python 2, toleo la zamani la lugha ya programu ya Python, ambalo mfumo wangu wa Linux hauna tena. Niipate wapi?

Jibu: Usiitafute. Python 2 iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na programu ambayo mpaka leo haijahamia Python 3 haina mtu anayeitunza. Hata ukifaulu kuisakinisha kwa kuunganisha vipande vya hapa na pale, siku utakapoboresha mfumo utarudi pale pale, na safari hiyo nakala zako zitakuwa zimefungiwa katika muundo ambao huenda programu nyingine haiwezi kuusoma. Kabla ya kugusa mwongozo wowote, tazama tarehe ya toleo la mwisho, kisha tazama kama ripoti za hitilafu za miezi ya karibuni zimejibiwa.

Simlaumu mtu aliyejitolea kwa miaka akachoka. Mwandishi wa Obnam, programu ya bekapu, alitangaza wazi mwaka 2017 kwamba anaachana nayo, na watumiaji wakapata nafasi ya kuhama mapema. Attic, nyingine ya aina hiyo, ilipodorora, wengine waliuchukua msimbo wake mwaka 2015 wakaanzisha Borg, ambayo ingali inatunzwa. Ninachokuonya ni ukimya: programu ambayo ukurasa wake bado unawakaribisha watumiaji wapya ilhali hakuna anayejibu.

Swali: Programu ya bekapu imekataa kusakinika. Nifanyeje?

Jibu: Swali hili hunifikia mara kwa mara likiwa halina jina la programu, wala toleo, wala mfumo, wala maneno ya kosa lenyewe, na kwa hali hiyo halijibiki. Rudi kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, upande juu hadi kosa la kwanza, kwa kuwa mstari wa mwisho mara nyingi husema tu kwamba kazi imeshindikana, ilhali juu yake, pengine mistari 200 nyuma, ndipo palipotajwa maktaba inayokosekana, yaani kifurushi cha msimbo ambacho programu inakitegemea. Niletee mstari huo.

Swali: Nikiendesha pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, je, makosa hayatakwisha?

Jibu: Yanaweza kutoweka, na pamoja nayo ukavuruga Python ambayo mfumo wenyewe unaitegemea. Badala yake, tengeneza mazingira pepe, yaani eneo la Python lililotengwa na mfumo, kwa zana ya venv na usakinishe humo.

Swali: Nilihangaika wiki nzima, hatimaye imesakinika, na sasa inafanya kazi kila usiku bila kuleta kosa. Nimemaliza?

Jibu: Bado hujaanza. Kusakinisha kumekuchosha kiasi kwamba umeuchukulia ukimya kuwa ushahidi. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo mtandaoni, alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kuu, na walipoziendea nakala za kila siku wakakuta mahali pa kuzihifadhi pakiwa patupu. Chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo la 9.2 la PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ilhali hifadhidata ilikuwa ya 9.6, kwa hiyo kilikuwa kikishindwa kila mara, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa kabla ya kumfikia yeyote. Waliokolewa na nakala nyingine iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla ya ajali.

Basi leo hii chagua folda moja yenye picha na hati, uirejeshe kwenye kompyuta nyingine, fungua faili zenyewe kwa macho yako, kisha urudie kila mwezi. Hakikisha pia kwamba ufunguo au nenosiri la usimbaji fiche wa nakala umewekwa mahali pengine pia, si ndani ya kompyuta unayoilinda tu.

Swali: Je, rsync, zana ya kunakili faili kati ya folda, peke yake haitoshi?

Jibu: Haitoshi ukiitumia tu kuifanya folda moja ifanane na nyingine, kwani faili iliyoharibika leo itafunika nakala nzuri ya jana. Hifadhi matoleo ya siku mbalimbali.

Swali: Nina nakala za miaka ya nyuma zilizotengenezwa na programu iliyokwisha kutelekezwa. Nizifungueje?

Jibu: Sakinisha mfumo wa zamani, wa enzi za programu hiyo, ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako) isiyounganishwa na intaneti. Nakili diski ya bekapu kwanza na ufanyie kazi ile nakala, si diski ya asili. Rejesha kila kitu, linganisha idadi na ukubwa wa faili, fungua baadhi, kisha uzihifadhi upya kwa programu inayotunzwa. Diski ya zamani usiifute mpaka nakala mpya nayo iwe imerejeshwa kwa majaribio ikafunguka.